Tom Morris: Mtunza nyasi wa pwani ya Uskoti aliyeijenga gofu

Kila mwaka mwezi wa Julai, katika taarifa zetu za michezo, husikika habari za mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza yanayoitwa The Open. Wengi wetu husikia jina la mshindi na fedha alizopata, kisha habari inapita. Gofu huonekana kuwa mchezo wa matajiri, wa watu wenye magari na viwanja vilivyozungushiwa ua. Lakini ukirudi nyuma hadi mashindano hayo yalipoanza, unamkuta mtoto wa mfumaji wa vitambaa, mtu aliyefanya kazi kwa toroli na koleo, akaitunza ardhi ya mchanga kando ya bahari kwa karibu miaka 40. Jina lake ni Tom Morris. Katika makala hii tunayaangalia maisha yake.

Ardhi isiyolimika

Tom Morris alizaliwa tarehe 16 Juni 1821 katika mji wa St Andrews, mashariki mwa Uskoti. Mji huo uko ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini, bahari yenye baridi na upepo usiotulia. Kati ya mji na maji kuna kipande cha ardhi ambacho Waskoti hukiita links. Si ufuo, na si shamba. Ni vilima vidogo vya mchanga uliopeperushwa na upepo kwa karne nyingi, juu yake zikaota nyasi fupi, ngumu, zenye mizizi mirefu.

Mkulima akiitazama ardhi kama hiyo atasema haifai kitu. Mchanga haushiki mbolea, upepo wa chumvi huchoma mazao, na jembe likipita, udongo unaondoka na upepo. Kwa sababu hiyo ardhi hiyo ilikuwa ya watu wote. Wenyeji walichunga kondoo hapo, walikamata sungura, walianika nguo na vitambaa vyao, na walicheza gofu. Mvua ikinyesha, maji yalizama mchangani mara moja na mpira uliendelea kuviringika vizuri. Kondoo na sungura walizila nyasi zikabaki fupi. Pale kondoo walipojikinga na upepo, nyasi zilikufa na mashimo ya mchanga yakafunguka. Mashimo ya namna hiyo ndiyo asili ya yale ambayo wachezaji wa gofu duniani kote huyaogopa hadi leo. Hakuna aliyeuchora uwanja ule wa kwanza. Upepo, mifugo na nyayo za watu ndivyo vilivyoutengeneza.

Hata hivyo ardhi hiyo iliwahi kuponyoka mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1797 mji ulikuwa umelemewa na madeni, na ardhi ya pwani ikauzwa. Ikaangukia mikononi mwa wafugaji wa sungura, ambao wanyama wao walichimba mashimo kila mahali. Wachezaji wa gofu na wafugaji wakapambana kwa miaka mingi, uwanjani na mahakamani. Ugomvi huo ulipoa mwaka 1821, mwenye shamba mmoja jirani, James Cheape, aliponunua ardhi hiyo na kuiacha itumike kwa gofu. Ndio mwaka aliozaliwa Tom.

Mafunzo ya kushona mipira

Baba yake Tom alikuwa mfumaji, na nyumba yao haikuwa na mali. Kama watoto wengine wa mji huo, Tom alianza kucheza gofu akiwa mdogo sana, kwa fimbo na kitu chochote kinachoweza kupigwa. Alipofika umri wa miaka 14 hivi aliwekwa kwa fundi ili ajifunze kazi. Fundi huyo alikuwa Allan Robertson, mtengenezaji wa mipira ya gofu na mchezaji aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote wa wakati wake.

Kazi ilikuwa ngumu. Mpira wa gofu wa siku zile ulikuwa kifuko kidogo cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya. Manyoya hayo, mara nyingi ya bata bukini, yalichemshwa, kisha yakasukumwa ndani ya ngozi iliyolowa, kidogo kidogo, mpaka yale manyoya ya kujaza kofia nzima yakaingia katika kifuko cha ukubwa wa yai. Kilipokauka, ngozi ilinywea, manyoya yakatanuka, na mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi hodari aliweza kumaliza mipira michache tu kwa siku. Ndiyo maana mpira mmoja ulikuwa ghali, na mtu wa kawaida hakuweza kuupoteza vichakani bila kuumia moyoni.

Kisha, mwaka 1848, mipira ya aina mpya iliingia Uskoti. Ilitengenezwa kwa utomvu mgumu wa mti kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ulioitwa gutapacha. Utomvu huo ulilainishwa kwa maji ya moto, ukafinyangwa kwa mkono, ukaachwa ukapoa. Mpira huo ulikuwa rahisi sana kuliko wa manyoya, na ukiharibika uliweza kufinyangwa upya. Robertson aliona riziki yake inakwisha na hakutaka kuusikia. Tom, aliyekuwa ameshahitimu na kufanya naye kazi, alionekana siku moja akicheza kwa mpira huo mpya. Wakagombana, na ubia wao wa kazi ukavunjika. Waliendelea kuheshimiana uwanjani, lakini Tom alilazimika kujitafutia njia yake.

Historia ilimpa Tom haki. Baada ya miaka michache mpira wa manyoya ulitoweka, na kwa kuwa mpira mpya ulikuwa wa bei nafuu, watu wengi zaidi waliweza kucheza.

Prestwick na mkanda mwekundu

Mwaka 1851 Tom alihamia Prestwick, upande wa pili wa Uskoti, pwani ya magharibi. Aliitwa huko na James Ogilvie Fairlie, mtu mwenye cheo aliyependa gofu na aliyeuthamini ujuzi wake. Tom alikwenda na mkewe Agnes na mtoto wao mchanga wa kiume aliyezaliwa Aprili mwaka huo. Mtoto huyo naye aliitwa Tom. Wazazi walikuwa wamempoteza mtoto mwingine mwenye jina hilohilo mwaka uliotangulia, akiwa na miaka minne. Ili kuwatofautisha baba na mwana, baadaye watu walimwita baba Old Tom, yaani Tom mzee, na mwana Young Tom, yaani Tom kijana.

Huko Prestwick Tom alipanga uwanja wa mashimo 12 katikati ya vilima vya mchanga. Hakuwa na mashine ya kusawazisha ardhi. Alitembea, akaangalia ardhi ilivyolala na upepo unavyovuma, akachagua mahali pa kuanzia na mahali pa shimo. Hiyo ikawa desturi yake kila alipoalikwa kupanga uwanja: kuifuata ardhi ilivyo badala ya kuilazimisha iwe kitu kingine.

Allan Robertson alipofariki mwaka 1859, swali likazuka: nani sasa ndiye mchezaji bora? Klabu ya Prestwick ikaandaa mashindano ili kupata jibu. Tarehe 17 Oktoba 1860 wachezaji wanane walikutana hapo. Walizunguka uwanja wa mashimo 12 mara tatu kwa siku moja, na zawadi ilikuwa mkanda mpana wa ngozi nyekundu wenye mapambo ya fedha. Hakukuwa na fedha taslimu. Willie Park wa Musselburgh alimaliza kwa mapigo 174, Tom Morris kwa 176. Katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, kwa hiyo Tom alishindwa kwa mapigo mawili tu, tena kwenye uwanja alioupanga mwenyewe.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mashindano ya kwanza ya The Open. Mwaka uliofuata Tom alishinda. Mwaka 1862 alishinda tena, safari hii kwa tofauti ya mapigo 13. Rekodi hiyo ya tofauti katika mashindano makubwa ya gofu ilidumu hadi mwaka 2000, Tiger Woods aliposhinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa mapigo 15. Tom alichukua ushindi pia mwaka 1864, akalipwa pauni sita, na mara ya nne na ya mwisho mwaka 1867. Wakati huo alikuwa na miaka 46, na hadi leo hakuna mtu mwenye umri mkubwa kuliko huo aliyewahi kuishinda The Open.

Toroli, koleo na mchanga

Klabu kubwa ya St Andrews ilimwita Tom arudi nyumbani kuwa mtunzaji wa uwanja, na kufikia mwaka 1865 alikuwa ameshaanza kazi kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Vifaa alivyopewa ni vile ambavyo msikilizaji wetu yeyote wa kijijini anavijua: toroli, koleo na sepetu. Kwa kazi nzito aliruhusiwa kupata msaidizi siku chache za juma.

Uwanja aliourudia ulikuwa umechoka. Wachezaji walikuwa wameongezeka, na wote walipita njia zilezile nyembamba kati ya vichaka vya miiba. Mtu alipomaliza shimo moja, alianza shimo linalofuata akiwa amesimama karibu kabisa na hapohapo, akichota mchanga ndani ya shimo ili auweke mpira wake juu yake. Unaweza kufikiri nyasi za mahali pale zilikuwaje.

Tom alikata vichaka akapanua njia. Alitenga mahali maalumu pa kuanzia, mbali na shimo, ili nyasi laini zinazozunguka shimo zisikanyagwe bila sababu. Alitengeneza upya maeneo ya shimo la kwanza na la mwisho. Dawa yake kubwa ilikuwa mchanga. Inasimuliwa kwamba siku moja huko Prestwick toroli la mchanga lilimwagika juu ya nyasi, na baada ya muda akaona nyasi za pale zimeota vizuri kuliko za kwingine. Iwe ilitokea hivyo au la, ni hakika kwamba alimwaga mchanga kila mwaka juu ya nyasi za uwanja, na watunza viwanja duniani wanafanya hivyo mpaka leo. Mchanga hujaza vishimo vidogo, husaidia maji yasisimame, na nyasi hupenya na kutoa mizizi mipya.

Jambo jingine alilolishikilia ni mapumziko. Tom alikuwa mtu wa kanisa, na Jumapili uwanja ulifungwa. Kwake hilo halikuwa jambo la dini peke yake. Aliamini kwamba ardhi nayo inahitaji siku moja ya kupumua, hata kama wachezaji wenyewe hawaihitaji. Uwanja huo mkongwe wa St Andrews bado hufungwa Jumapili, isipokuwa kwenye mashindano makubwa, na siku hiyo wenyeji hutembea humo na watoto na mbwa wao.

Baba na mwana

Mwana wake, Tom kijana, alikua akiwatazama baba yake na wenzake wakipambana na upepo. Uwanja wa pwani hauna miti ya kumkinga mchezaji. Mpira ukipanda juu, upepo unauchukua. Kwa hiyo mchezaji mzuri wa pwani hujifunza kupiga mpira wa chini, uguse ardhi mapema kisha uviringike. Lazima pia ajue kwamba shimo lililokuwa rahisi asubuhi laweza kuwa gumu mno jioni upepo ukigeuka. Kijana aliyajua hayo yote, na alikuwa na nguvu na ujasiri ambao baba hakuwa nao.

Mwaka 1868 alishinda The Open akiwa na miaka 17, na wa pili alikuwa baba yake. Mwaka 1869 mwana akashinda tena. Alipoongeza ushindi wa tatu mfululizo mwaka 1870, kanuni zilimpa haki ya kuuchukua mkanda ule mwekundu uwe mali yake. Mwaka 1871 mashindano hayakufanyika, kwa kuwa zawadi haikuwepo tena. Yaliporudi mwaka 1872 kijana akashinda kwa mara ya nne. Badala ya mkanda likatengenezwa birika la fedha, na jina lake ndilo la kwanza kuandikwa juu yake. Birika hilo ndilo zawadi ya The Open mpaka sasa.

Tarehe 4 Septemba 1875 baba na mwana walikuwa North Berwick, ng'ambo ya ghuba ya Forth, wakicheza dhidi ya Willie Park na ndugu yake Mungo. Nyumbani St Andrews, Margaret, mke wa kijana, alikuwa anakaribia kujifungua. Mchezo ukiwa karibu kwisha, ikaja telegramu kwamba hali ya Margaret ni mbaya. Walimaliza mashimo yaliyobaki, wakashinda, wakakimbilia bandarini. Kwa treni wangelazimika kuzunguka mbali, kwa hiyo mtu mmoja akawapa mashua yake wavuke ghuba usiku. Walipofika nyumbani, Margaret na mtoto wake walikuwa wameshafariki.

Kijana hakuwa tena yule wa zamani. Majira ya baridi ya mwaka huo alikubali kucheza mechi ndefu ya siku kadhaa, katika theluji, lakini marafiki waliona kwamba moyo wake haupo. Asubuhi ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1875, alikutwa amekufa kitandani mwake katika nyumba ya baba yake. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya pafu. Alikuwa na miaka 24. Watu wengi walisema amekufa kwa huzuni.

Mwaka uliofuata, 1876, Agnes, mama yake, naye akafariki.

Kurudi kazini

Tom alikuwa na miaka 55 tu wakati huo. Angeweza kuiacha ile ardhi ambayo kila kona yake ilimkumbusha mwanawe. Hakuiacha. Aliendelea kuogelea baharini asubuhi, hata katika baridi, kisha akaenda kwenye nyasi zake. Duka lake la fimbo na mipira lilikuwa kando ya shimo la mwisho, na watu waliofika St Andrews walimtafuta ili wamsalimie. Aliendelea kushiriki The Open hata baada ya kutimiza miaka 70.

Alialikwa pia sehemu nyingi kupanga viwanja: Dornoch kaskazini ya mbali, Muirfield, Machrihanish, kisiwa cha South Uist, na ng'ambo huko Ireland, kama Lahinch na Newcastle katika wilaya ya Down. Vingi viko kwenye ardhi ileile ya mchanga na upepo, na vinachezewa hadi leo.

St Andrews yenyewe, mji uliinunua tena ardhi yake ya pwani, na sheria ya mwaka 1894 ikaiweka mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1895 ukafunguliwa uwanja wa pili kando ya ule mkongwe, na Tom ndiye aliyehusika kuupanga. Ardhi iliyouzwa kwa sababu ya madeni kabla hajazaliwa ilirudi kuwa ya umma akiwa hai.

Alistaafu mwaka 1903, akiwa na miaka 82. Kufikia mwaka 1906 alikuwa amewazika watoto wake wote. Tarehe 24 Mei 1908, akiwa katika nyumba ya klabu moja hapo mjini, alianguka kwenye ngazi na kufariki, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 87.

Alizikwa katika makaburi ya kanisa kuu la zamani la St Andrews, karibu na bahari, alipolala mwanawe. Shimo la mwisho la uwanja mkongwe linaitwa kwa jina lake. Uwanja huo si wa klabu yoyote. Ni mali ya umma, na bado watunzaji wake humwaga mchanga juu ya nyasi na kuiacha ardhi ipumzike Jumapili.